Je, Nia Njema Yausafisha Uwongo?

Tumeulizwa suali na kijana mmoja wa darasa yetu huku Malava, na kwa kuwa jawabu lake lilitukalisha mikesha mitatu bila ya kupatana, tumeona ni wajibu kuliandika katika karatasi hii ili ndugu zetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na kwengineko mwambao walipime pamoja nasi. Kijana alisema hivi: amesoma kisa cha jasusi mchanga aliyetiwa ndani ya redio ya Wajerumani wa Hitler wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kila usiku alisoma mbele ya chombo cha kusemea maneno ya uwongo na ya chuki aliyoandikiwa, na huku kwa siri akiwapelekea khabari wale waliokuwa wakipigana na Hitler. Je, mtu huyo mbele ya Mwenyezi Mungu ni msema kweli au ni mwongo? Ni mwenye kuipigania haki, au ni mkono mmoja katika mikono ya madhalimu?

Yamkini msomaji akasema: Malava na Berlin, wapi na wapi? Malava ni mji mdogo kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye, wenye msitu wake na mashamba ya miwa, na sisi Waislamu wake ni wachache: baadhi yetu tumetoka pwani kwa biashara, na wengine ni ndugu zetu wa Kabras waliozaliwa papa hapa. Nasi usiku wa kwanza tulisema hivyo hivyo, tukadhani kijana ataka mchezo wa akili tu. Baadaye tulijua sababu ya kuuliza kwake, nayo tutaieleza mahali pake.

Wanavyuoni husema kuwa huwezi kukihukumu kitu usichokielewa sura yake. Basi kwanza na tuyaeleze mambo yalivyokuwa.

Mwaka 1934 Wataliani walianza kusema kwa Kiarabu katika redio yao ya mji wa Bari. Waingereza wakawajibu kwa redio ya Kiarabu kutoka London mwezi wa Januari 1938. Wajerumani wakafuata mwaka 1939, kwa mitambo yenye nguvu iliyokuwa Zeesen, karibu na Berlin. Msemaji wao mashuhuri alikuwa Yunus Bahri, mtu wa Iraq, mwenye sauti ya kunguruma na ulimi mkali. Mawimbi ya redio hayajui mpaka wala hayaombi pasi ya kusafiria, na mwenye kufahamu Kiarabu aliweza kuyapata popote alipo, awe Cairo au awe katika barza za miji yetu. Redio ya Berlin ilisomesha Qur'ani. Kisha, baada ya kisomo, zilifuata ahadi kwa Waarabu, matusi kwa Waingereza, na chuki kwa Mayahudi, hata ikafika mwaka 1942, wakati jeshi la Rommel lilipoukaribia mji wa Iskandaria, wasikilizaji wakachochewa wawaue Mayahudi majirani zao. Hili ndilo lituumalo zaidi kuliko jingine lolote katika khabari hii. Kitabu cha Mwenyezi Mungu kilifanywa chambo, na ndoana ilikuwa damu ya watu.

Wala si kweli kwamba waliosikiliza walikuwa wapumbavu. Waingereza walikuwa wameidhulumu Falastini kweli, na walikuwa wametutawala sisi kweli. Mtu mwenye jeraha humsikiliza kila asemaye kuwa analijua jeraha lake. Uwongo mkubwa haukosi ndani yake punje ya haki, kwani bila ya punje hiyo haumezeki.

Na sasa tutazame, katika mji ule ule wa Berlin, khabari ya mtu wa kwetu. Jina lake ni Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana huko kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, na babake alikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani. Vita vya 1914 vilipozuka, mtoto huyu wa miaka kumi aliingia jeshini pamoja na babake, na kabla ya vita kwisha alijeruhiwa na kutekwa na Waingereza. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mshahara wa vita ambao yeye na babake hawakulipwa. Akanyimwa. Akabaki huko, akafanya kazi ya kuwatumikia watu katika nyumba ya starehe, akawafundisha Wajerumani Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin, akaoa, akazaa. Na kwa kuwa alikuwa na rangi waliyoihitaji, akatiwa katika filamu. Aliigiza katika filamu zaidi ya ishirini, baadhi yake zikiwa za kuwasifu wakoloni na kulilia makoloni yaliyopotea. Ya mwisho, iliyotoka mwaka 1941, ilikuwa ya kumtukuza Carl Peters, yule yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwislamu wa Dar es Salaam akaigiza kiongozi wa njia na mkalimani mwaminifu wa mtu aliyewanyonga watu wa Kilimanjaro.

Mwaka huo huo wa 1941 alikamatwa na polisi wa siri wa Hitler kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani. Hatumtakasi: alikuwa na mke, na jambo lile ni kosa katika sharia yetu. Lakini hakufungwa kwa zinaa. Alifungwa kwa rangi yake. Hakupelekwa mbele ya kadhi wala hakimu. Alitiwa katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, naye akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Na mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule aliokamatwa, Hitler alimpokea kwa heshima Haj Amin al-Husayni, aliyekuwa Mufti wa Quds, na redio ikatangaza urafiki wa Wajerumani na Waislamu. Mwislamu mmoja alikuwa anapigwa picha akiwa mgeni, na Mwislamu wa pili alikuwa amefungiwa kambini, na baina yao ni mwendo wa saa chache kwa miguu. Laiti msikilizaji mmoja wa Zeesen angeliambiwa khabari ya Mahjub! Lakini hapakuwa na wa kuisema.

Tumeileta khabari hii kwa sababu Mahjub hakuwa jasusi. Hakujificha. Aliuazimisha uso wake na ulimi wake kwa ajili ya chakula na kwa kutaraji kuhesabiwa kuwa mtu mbele ya wale aliowatumikia tangu utotoni. Nasi tulipomzungumza, baadhi yetu walimlaumu na baadhi wakamlilia, na mzee mmoja wa Kabras, ambaye babake alikwenda vitani na KAR hata Burma, akasema: nani kati yetu ambaye babake hakuazimisha kitu kwa Mzungu? Hatukuwa na la kumjibu.

Ama jasusi wa kweli, walikuwapo. Katika nyumba ya redio ya Berlin alifanya kazi mwandishi mmoja, Günther Weisenborn, ambaye kwa siri alikuwa katika kundi la wapinzani wa Hitler, akawapa wenziwe khabari alizozipata kazini. Alikamatwa mwaka 1942 na akafungwa hata vita vilipokwisha mwaka 1945. Na mchanga zaidi kuliko yeye alikuwa bibi mmoja wa kundi hilo hilo, Libertas Schulze-Boysen. Huyu aliingia katika ofisi ya filamu iliyokuwa chini ya wizara ya propaganda, mikononi mwa Goebbels mwenyewe. Askari waliorudi kutoka mashariki walikuwa wakileta picha za mauaji waliyoyafanya, wengine kwa kujivuna. Yeye akawauliza kwa upole, akazikusanya, akaandika waliyomwambia, ili iwepo hoja juu yao siku ya hesabu ya dunia. Alikuwa na miaka 29 alipokatwa kichwa, tarehe 22 Disemba 1942, siku moja na mumewe. Na lililommaliza ni jambo la kutia uchungu: gerezani alimwamini mwanamke aliyejifanya rafiki, akamweleza majina, na mwanamke yule alikuwa karani wa polisi wa siri. Aliyewahadaa wakubwa alihadaiwa na mdogo kuliko wote.

Sasa na tuingie katika suali.

Usiku wa kwanza wengi wetu walikuwa upande wa jasusi, na hoja yao ilikuwa nyepesi: amali hupimwa kwa nia, na Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa vita vina hadaa ndani yake, na katika mambo matatu aliyoyaruhusu kusemwa yasiyo kweli, vita ni moja. Basi lipi lililobaki? Akatajwa Nuaym bin Masud katika vita vya Handaki, aliyesilimu bila ya kabila lake kujua, akaenda kwa Banu Quraydha na kwa Makureshi na kwa Ghatafani, kila mmoja akampa neno la kumtilia shaka mwenziwe, hata jeshi lile kubwa likavunjika nyoyo. Akatajwa Ammar bin Yasir, aliyeteswa na wazee wake wakauawa, mpaka ulimi wake ukatamka ukafiri. Akaja kwa Mtume akilia, akaulizwa moyo wake waonaje, akasema umetulia katika imani. Na Qur'ani katika Sura ya Nahli ikamsamehe mwenye kulazimishwa.

Hoja hizi ni za kweli, lakini usiku wa pili tuliziangalia kwa karibu tukaona hazibebi mzigo tuliowatwika. Ammar alisema neno lililomdhuru nani? Lilimdhuru yeye mwenyewe tu, na lilitoka chini ya mateso. Hakulazimishwa kumwua mtu. Na lau angalilazimishwa kuua, wanavyuoni wamewafikiana kuwa kulazimishwa si udhuru, kwa sababu roho ya mwenye kulazimishwa si bora kuliko roho ya atakayeuawa. Na Nuaym alimhadaa nani? Aliwahadaa walioshika silaha, tena hadaa yake ilikuwa ya kuwatawanya wasipigane. Hakusimama sokoni Madina akawadanganya wanawake na watoto ili apate kuaminiwa na Makureshi.

Hapa ndipo jasusi wa redio anapoachana na Nuaym. Yule wa redio hawezi kumhadaa bwana wake ila kwa kupitia masikio ya watu wasio na habari. Uwongo wake una milango miwili: mmoja wampeleka kwa dhalimu, na huo ndio anaousema, wa pili wampeleka kwa msikilizaji aliyeketi nyumbani kwake, naye hakutangaza vita juu ya mtu. Mlango wa kwanza yamkini ni halali. Wa pili je?

Kuna hadithi iliyopokewa na Samura bin Jundub, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, ambamo Mtume alionyeshwa katika ndoto mtu anayepasuliwa shavu lake hata kisogoni, kisha likipona linapasuliwa tena. Akaambiwa kuwa huyo ni mtu aliyekuwa akitoka na uwongo mmoja, ukachukuliwa hata ukafika pembe zote za dunia. Wazee waliopita walipoisoma hadithi hii walijiuliza ni uwongo gani uwezao kusafiri kiasi hicho. Sisi hatuna haja ya kujiuliza. Tuna redio, na baada ya redio tuna simu mfukoni mwa kila mtoto.

Mwenzetu mmoja, mwalimu, alisimama kumtetea jasusi kwa nguvu, na ni haki tuyaandike maneno yake kwa ukamilifu. Alisema: kama watu wote wenye moyo safi watatoka katika nyumba ya dhalimu, nani atakayebaki ndani wa kuleta khabari? Asiyesoma karatasi zile atafukuzwa, na mwengine atazisoma vile vile, tena kwa furaha. Msikilizaji hatapata nafuu hata chembe, na khabari ambazo zingaliokoa maelfu hazitatoka. Mnaitunza mikono yenu isichafuke, na gharama ya usafi wenu inalipwa na wengine. Je, hamumsomi yule muumini wa nyumba ya Firauni, aliyeificha imani yake kati ya wauaji, na Mwenyezi Mungu akamsifu katika Sura inayoitwa kwa jina lake?

Maneno haya yalitunyamazisha kitambo. Tukarejea katika Sura ya Muumini, tukaisoma polepole. Na tulichokiona ni hiki: muumini yule aliificha imani yake, naam, lakini Qur'ani haimtaji kuwa aliusaidia uwongo wa Firauni kwa neno lake. Na siku Firauni alipotaka kumwua Musa, yeye ndiye aliyesimama mbele ya baraza akasema, akawahoji, akawaonya. Siri yake ilikuwa akiba iliyowekwa kwa ajili ya siku ya kusema. Jasusi wa redio mambo yake ni kinyume: siku ya kuuawa kwa watu ndiyo siku anayotakiwa kusoma kwa sauti kubwa zaidi, kwani akisita atajulikana.

Tukamtazama pia Hudhayfa bin al-Yaman, aliyetumwa na Mtume katika usiku wa baridi na upepo akalete khabari za maadui wale wale wa Handaki. Aliingia kati yao, akaketi penye giza. Abu Sufyan alipoamrisha kila mmoja amjue aliye ubavuni mwake, Hudhayfa aliwahi yeye kumshika mwenziwe mkono na kumuuliza jina, na hivyo hakuulizwa. Akamwona Abu Sufyan akiota moto, akaweka mshale katika upinde, kisha akakumbuka kuwa ameagizwa asifanye jambo lolote la kuwachochea, akaurudisha. Huyu ndiye mpelelezi aliyetumwa na Mtume: macho na masikio, na mkono uliozuiliwa. Ulimi wake ulitumika kwa neno moja tu, nalo lilikuwa suali.

Kwa hivyo wengi wetu tukaelekea kusema: kuwa sikio ndani ya nyumba ya dhalimu kwafaa, na pengine ni wajibu kwa mwenye kuweza, kuwa mdomo wake hakufai. Libertas aliyekusanya picha tunamheshimu, ijapokuwa si wa dini yetu. Aliyesoma kwa sauti maneno ya kuua, hata kama chini ya meza alikuwa na siri, hatuwezi kumwambia kuwa maneno yale hayakuwa yake.

Mwalimu hakukubali, na hoja yake ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Alisema mpaka mliouchora ni wa wino, maji yataufuta. Libertas alipokuwa ofisini kwa Goebbels alifanya kazi ya filamu, si kukusanya picha tu. Weisenborn alilipwa na redio kwa kazi ya redio. Hakuna meza safi katika nyumba ile. Karani anayepiga muhuri, fundi anayetengeneza mtambo, mtu wa kufagia, wote wanaibeba sauti ile hata ikafika. Sisi twakiri kuwa hili hatukuweza kulivunja. Tulichoweza kusema ni kuwa fundi na karani wako mbali na jeraha kwa hatua kadhaa, na msomaji yuko karibu nalo kuliko wote, kwani sauti yake ndiyo inayoingia sikioni. Lakini hatua ngapi zatosha? Hapo hatukupata idadi.

Ama kusema kwake kuwa mwengine angalisoma vile vile, hilo tulilikataa moja kwa moja. Kila nafsi itabeba mzigo wake, na mzigo wangu haupungui kwa kuwa jirani alikuwa tayari kuubeba. Na kuhusu maelfu ambao wangaliokolewa: faida ile ni ya kudhania, huenda khabari ikafika na huenda isifike, huenda ikasadikiwa na huenda ikatupwa, madhara ya maneno yaliyosomwa usiku ule ni ya yakini. Mwenye kuliweka la kudhania mbele ya la yakini, khasa ikiwa la yakini laangukia shingo ya mwengine, amefanya biashara kwa mtaji usio wake.

Kisha kuna moyo wenyewe. Tumezoea kusema moyo ni mfalme na viungo ni raia, lakini raia nao wana njia za kumgeuza mfalme. Mtu anayesema neno kila usiku, kwa sauti nzuri, akasifiwa kwa kulisema, akalipwa, na jina lake likatajwa, hatuamini kuwa moyo wake utakaa miaka mitano palepale alipouacha siku ya kwanza. Watu wa tasauf na watu wa fikihi hawapatani katika mengi, lakini katika hili wamepatana, kuwa kinachorudiwa na ulimi huacha alama ndani. Wallahu aalam ni wangapi walioingia wakiwa wapelelezi wakaishia kuwa wasemaji tu.

Msomaji wa Mombasa asidhani kuwa haya ni ya Wazungu wa zamani. Mwezi wa Julai 1997, katika mji wake huo huo, alikamatwa mtu mmoja, Georges Ruggiu, raia wa Ubelgiji. Yeye alikuwa msemaji wa redio RTLM ya Rwanda mwaka 1994, redio iliyochochea mauaji ya Watutsi na Wahutu wasiokubali kuua. Hakushika panga, alishika chombo cha kusemea. Alipelekwa Arusha mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa, akakiri makosa yake mwaka 2000, akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Wakubwa wa redio hiyo nao walihukumiwa na mahakama ile ile mwaka 2003. Basi hata mahakama za dunia zimefika pale tulipofikishwa na hadithi ya Samura: neno ni kitendo.

Usiku wa tatu ndipo kijana wetu aliposema lililokuwa moyoni mwake. Siku za uchaguzi aliitwa na watu fulani, ambao hatuwataji, wakamwambia kuwa ana kalamu nyepesi, basi awaandikie maneno ya kupelekwa katika simu za watu, ya kuwatia khofu wa kabila hili juu ya wa kabila lile, kila siku maneno kadhaa, na kila siku malipo yake. Alitaka kukataa. Kisha akafikiri: nikikataa sitajua wanalopanga, nikikubali nitayaandika, lakini nitajua ni mtaa gani na siku gani, na nitawaonya wazee kabla. Hilo ndilo lililomfanya akisome kile kisa cha jasusi mara mbili.

Tulikaa kimya. Ni rahisi kumhukumu mtu wa Berlin aliyekwisha kufa. Si rahisi kumwambia kijana aliye mbele yako, ambaye mamake unamjua, na ambaye ada ya shule ya nduguze yamngojea yeye. Na majirani ambao maneno yale yangewafikia ni wanunuzi wetu, tunawapimia sukari kila asubuhi.

Mwalimu, licha ya yote aliyokuwa ameyatetea, ndiye aliyesema kwanza. Alimuuliza: hayo maneno utakayoyaandika, utaweza kumsomea mama Fulani, jirani yako, wewe mwenyewe kwa mdomo wako, ukimtazama? Kijana akasema hapana. Mwalimu akasema basi mimi sina fatwa ya kukupa, ila nimeona kuwa hoja zangu zilikuwa nzuri pale msikilizaji alipokuwa hana uso.

Tulimshauri aende akawaambie kuwa hataandika, lakini yuko tayari kuwatunzia hesabu za karatasi na safari. Tulitaraji awe sikio, kama Hudhayfa. Hata katika ushauri huu mmoja wetu alijitenga, akasema kuwa hesabu hizo nazo ni za fedha za fitina, na kwamba tumerudi katika meza ya Goebbels kwa mlango wa nyuma. Maneno yake tumeyaandika hapa ili yasipotee.

Kijana alikwenda. Walimcheka, wakasema wanao watunza hesabu wengi, wanachokitaka ni kalamu. Akatoka. Machache aliyoyasikia siku hiyo aliwapelekea wazee, wa msikitini na wa kanisani, nao wakakaa pamoja chini ya mti mbele ya soko wakayazungumza. Ada ya nduguze bado haijatimia, na darasa imeanza kuichangia. Mwenye kutaka kushiriki atatupata kila Ijumaa baada ya Alasiri. Na mwenye jawabu la ile hoja ya mwalimu juu ya hatua ngapi zatosha baina ya mtu na jeraha, twamwomba atuandikie.